Mimba ya Mgongoni

Ihembe, Karagwe
11 Februari 2024

Evaresta, binti wa marehemu kaka yangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hapo ulipo kabla hujafungua bahasha, maana nilikulea mwenyewe na sikulea mtoto asiyeamkia. Huku tu wazima. Sebahire mume wangu anakusalimu. Ng'ombe wake mwekundu amezaa dume, na siku hizi nyumba hii haina habari nyingine ila dume. Migomba imeitika. Kuna mkungu nyuma ya jiko imebidi tuupigie nguzo usiangushe mgomba wake, na Xaveria, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, kila siku anapita pale akijifanya anatafuta kuku. Mwache atafute.

Nakuandikia wala sikupigii, na sababu unaijua. Simu ya Sebahire ikilia inawekwa spika uani, na wapita njia wote wanaitikia salamu. Mambo ya shangazi na binti wa kaka yake hayasemwi hivyo. Barua nitampa Deodatus mwenye duka pale Omurushaka, ataipakia kwenye basi la Kyerwa. Ni Mhaya wa Muleba, anaongea sana, lakini bahasha ya mtu hafungui.

Sasa nije kwenye jambo. Mwaka wa tatu huu tangu nilipokufunda na kukukabidhi kwa mumeo Adelard, na sijasikia neno la mimba. Mama mkwe wako amelalamika kwa mtu, na huyo mtu akaja kunimwagia mimi. Usilie. Nataka ujue wewe ni wa ukoo gani. Mama yangu Mukantabana, bibi yako, alibeba mimba mgongoni miaka tisa, akafa nayo, na siku ya maziko watu walitoka mpaka Bweranyange kuja kumwona mwanamke aliyebeba kiasi hicho bila kulalamika. Mimi hii yangu inaingia mwaka wa saba. Mtoto alihamia mgongoni, ametulia, siku yake ikifika atarudi mbele. Tumbo ni gumu kama jiwe la kusagia. Juzi kanisani padri mgeni alinipisha kwenye benchi akidhani ni mwezi wa tisa. Nikakaa. Kwa nini nisikae? Na ya kwako huenda imeenda mgongoni vilevile. Wanawake wengine wanabeba mbele kama mbuzi, sisi tunabeba kwa heshima.

Nina haja ndogo mbili. Nitumie udongo wa kichuguu, ule mwekundu wa huko kwenu unaonukia mvua, maana mtoto anaudai mchana kutwa. Na vitenge vya rangi nzito, vyeusi au zambarau iliyokolea. Nguo za rangi nyeupe zimenichosha.

Ni mimi shangazi yako nisiyeshindwa,
Kantengwa


Nkwenda, Kyerwa
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ya pili ni ya Mzee Sebahire, na ya tatu mpe dume.

Sisi hatujambo. Adelard anatengeneza madawati ya shule, nyumba nzima imejaa vumbi la mbao na hata ugali unanukia msonobari. Mimi bado niko chama cha msingi. Msimu wa kahawa haujafunguliwa, tunafagia ghala na kukagua mizani. Halafu kuna hili: wamenifanya karani mkuu wa mizani. Mwanamke wa kwanza hapa kwetu. Wakulima wengine walinuna, nikawaambia kilo haijui kama anayeisoma amevaa suruali au gauni. Wakacheka, yakaisha.

Vitenge vimo humu, zambarau. Udongo pia nimetuma, kidogo, na mkono ulikuwa mzito kuufunga.

Shangazi, mwezi uliopita nilianguka ghalani. Damu yangu ya mwezi imekuwa ikinitoka kupita kiasi tangu mwaka jana, sikukuambia kwa sababu nilijua utaipa jina zuri. Adelard akanipeleka Omurushaka, kwenye zahanati moja yenye altrasaundi. Wanakupaka mafuta ya baridi tumboni, wanapitisha kichombo, na wewe mwenyewe unajiona ndani kwenye kioo. Daktari akasema nina uvimbe kwenye kizazi, faibroidi. Ni nyama inayoota kwenye ukuta wa kizazi. Si saratani, si uchawi, si mtoto. Zangu ni mbili, ndogo. Nimepewa dawa za kuongeza damu na nitakuwa narudi kupimwa, na akaniambia wengi wenye faibroidi kama hizi wanazaa bila shida.

Nikamuuliza kwa nini imetokea kwangu. Akasema: "Dada, si kwako tu. Lile benchi ulilokaa nje lina wanawake wangapi? Zaidi ya nusu ya wanawake watakuwa wamepata uvimbe huu kabla ya kufika miaka hamsini, na wengi hawatajua kamwe, kwa sababu hauwaumi wala hauwatoi damu. Ukipita pale nje, huwezi kusema nani anao na nani hana." Nilitoka kichwa juu. Niliingia pale nikidhani nimelaaniwa peke yangu Kyerwa nzima.

Sasa nakuuliza kama ulivyoniuliza wewe siku ile uliponifungia ndani kunifunda. Ulisema kati ya shangazi na binti wa kaka yake hakuna haya. Shangazi, siku zako unaziona?

Mwanao,
Evaresta


Ihembe, Karagwe
28 Aprili 2024

Evaresta,

Marahaba. Dume hajambo, ameanza kumpiga Sebahire mateke na Sebahire anafurahi. Mvua zimezidi, njia ya kwenda gulioni ni tope tupu.

Karani mkuu wa mizani! Nimelitangaza jumuiyani, nimelitangaza gulioni, na kwa Xaveria nimelirudia, maana masikio yake huwa mazito likija jambo la sifa zangu. Kaka yangu angekuwa hai angechinja. Wanaume wa Nkwenda wakikusumbua waambie wewe ni mjukuu wa Mukantabana, watakaa sawa.

Mengine uliyoandika sikuyaelewa. Mashine inayochungulia tumbo la mwanamke ina adabu gani? Na huyo daktari anayehesabu wanawake kwenye benchi hana kazi? Wewe una uvimbe, pole sana mwanangu, kunywa dawa, lala mapema. Usinigawie. Tangu lini kifaranga kikamhoji kuku habari za kutaga? Lile swali lako la mwisho nimelikunja pamoja na karatasi yake.

Vitenge vimenifaa. Nitumie vingine vya rangi ileile, na udongo zaidi, ule uliisha wiki ileile ulipofika. Unisamehe mwandiko, naandika nimelala. Ni malaria tu. Sebahire ndiye anayepunguza majani ya migomba sasa, na anayapunguza vibaya, namwona dirishani.

Kantengwa


Nkwenda, Kyerwa
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena ghalani, na leo nasema bila kuzunguka, kama ulivyonilea.

Unaomba vitenge vya zambarau kwa sababu damu haionekani kwenye zambarau. Najua, kwa sababu mimi nilivaa rangi hiyo mwaka mzima, hata kwenye harusi. Unakula udongo kwa sababu damu imekupungua. Swali la kwanza la nesi kwangu lilikuwa, "Unakula udongo?" nikashtuka amejuaje. Na wewe uliyekuwa ukitoka shambani na mkungu kichwani huku unaimba, leo unaandika umelala. Malaria gani hiyo? Udongo sikutumii tena. Nimetuma dagaa na maini ya kukaushwa, na mchicha uchume hapo nyuma ya nyumba.

Na Bibi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka godoro lake lilivyochomwa moto nyuma ya migomba, na wewe ukanificha macho. Shangazi, Bibi hakufa na mtoto mgongoni. Bibi alitokwa na damu mpaka ikamwishia. Daktari aliniambia uvimbe huu hufuata ukoo mara nyingi, mama akiwa nao na binti hupata. Kwa hiyo ulisema kweli, tuna kitu chetu cha ukoo. Ila tumekiita jina ambalo si lake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi alizikwa kwa sifa, watu kutoka Bweranyange, nyimbo, kila kitu. Wewe sitaki kukuzika kwa sifa. Nataka uwepo, unigombeze.

Ukikasirika, kasirika. Nakupenda kuliko ninavyoogopa hasira zako, na unajua ninavyoziogopa.

Evaresta


Nkwenda, Kyerwa
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Msimu umefunguliwa, magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa mpaka barabarani, sikai wala sinywi chai. Lakini kila basi la kutoka Omurushaka likisimama naacha mizani naenda kuuliza.

Deodatus anasema barua yangu ilichukuliwa zamani. Anasema pia hujaonekana kanisani Jumapili kadhaa. Nilipopiga simu mliweka spika, ukasema "hatujambo" kwa sauti ya mtu aliyeshikiliwa asianguke.

Siombi msamaha kwa niliyoandika. Ungetaka niombe ungenijibu kwa matusi, na hata hayo hukuleta. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ukiendelea kunyamaza nakuja.

Evaresta


Ihembe, Karagwe
21 Julai 2024

Evaresta,

Usije.

Nakujibu kwa sababu jana nilianguka shambani katikati ya migomba, na aliyenikuta ni Xaveria. Yuleyule. Akanifunika kanga yake, akanishika kiuno mpaka nyumbani, na hakusema neno. Ingekuwa afadhali angecheka.

Uliuliza swali nikalikunja. Jibu ni ndiyo. Naziona. Zikija hazijui kuondoka.

Sasa nawe nisikilize. Niliolewa hapa nikakaa bila mtoto, na wifi zangu wakaanza kumtafutia Sebahire mke wa pili. Walishampata, msichana wa Bweranyange, mrefu, wa kwao wana ng'ombe. Ndipo tumbo langu likaanza kukua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akalishika mbele ya watu akasema, "Yumo. Amehamia nyuma." Habari za yule msichana zikaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo naitwa Mama. Mama nani, hakuna anayeuliza, lakini naitwa Mama. Napishwa kwenye benchi. Naitwa kufunda mabinti wa watu, kwa sababu mwanamke asiye na mimba wala mtoto hapa haitwi kumfunda mtu.

Unataka nikalale kwenye ile mashine. Halafu? Ikisema hakuna mtoto, nitarudi Ihembe nikiwa nani? Kisu cha daktari naogopa kidogo. Hilo ndilo naogopa sana. Nimelijenga jina langu kwa hili tumbo, Evaresta, sina lingine. Na kufa pia naogopa, maana jana pale chini nilikiona kifo karibu kabisa.

Migomba inahitaji kupaliliwa. Sijui nimeandika hili kwa nini.

Kantengwa


Nkwenda, Kyerwa
24 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Utarudi ukiwa nani sijui. Hilo tutalijua ukiwa hai.

Jumatatu asubuhi nitakuwa Omurushaka dukani kwa Deodatus, na gari la kwenda hospitali Bukoba nimeshaliweka. Nimeaga kwenye mizani, wanaume wenyewe ndio walioniambia nenda. Njoo na Mzee Sebahire. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia nitamwambia mimi, na nitamwambia kwa simu, kwenye spika.

Evaresta


Ihembe, Karagwe
3 Novemba 2024

Evaresta, karani wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Naandika nimekaa kwenye kiti, mezani, angalia mistari ilivyonyooka. Chini nina miguu miwili inayonibeba mpaka shambani na kurudi. Sebahire anakusalimu. Dume limekuwa kubwa na halina adabu, limerithi kwa wenyewe.

Najua Adelard, uliyemwacha nasi Bukoba, alikuletea habari za hospitali, lakini wanaume husimulia kama wanaolipia kila neno, kwa hiyo sikia kwangu. Na wewe mwenyewe usisahau kurudi kupimwa mwezi huu kama ulivyoahidi. Mama mkwe wako akikuita jina lolote, niandikie, nitakuja Nkwenda na mshono wangu huuhuu.

Sebahire nilimwambia akiwa anakamua, ili asinitazame usoni. Nikasema yote, damu, vitenge, kuanguka. Akakamua mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akasema, "Kantengwa, maji mekundu unayoyamwaga kwenye migomba nayaona. Nilikuwa nasubiri uniambie." Nikamuuliza, na mtoto je? Kama hayupo? Akasema, "Yule msichana wa Bweranyange nilimkataa kabla tumbo lako halijaanza. Mama ndiye aliyekataza usiambiwe. Alisema utaringa." Na kweli ningeringa! Evaresta, nimeringa tangu dakika ile na sijaacha. Miaka yote nililinda boma ambalo halikuwa na adui.

Ulipotuacha mlangoni pa hospitali ukarudi kwenye kahawa yako, waliniongezea damu kwanza. Ya Sebahire haikunifaa, ya Adelard ikafaa, kwa hiyo sasa mimi na mumeo ni ndugu na ukimsumbua unanisumbua mimi. Halafu wakanilaza kwenye mashine. Daktari ni kijana mpole, akanionyesha uvimbe mmoja mkubwa na mingine midogo imeuzunguka. Nikamwambia, "Tazama na mgongoni." Hakunicheka. Akanigeuza taratibu, akakipitisha kile kichombo mgongoni kote, akageuza kioo nikione. "Mama," akasema, "mgongoni kuna mgongo tu."

Nikalia, mwanangu. Nililia mpaka shuka likalowa. Nilimlilia mtoto wa miaka saba aliyekuwa aanze shule Januari, na nilimlilia Mama yangu, aliyekufa akituambia tusimsumbue mtoto. Nesi alinishika mkono na hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza nikaona nimemaliza.

Daktari akanieleza kila kitu. Wengine hutolewa uvimbe tu na kizazi kikabaki, wengine hupewa dawa, wengine huachwa waangaliwe kama wewe. Wangu kwa ukubwa ule, kwa umri wangu, na damu niliyokwisha kupoteza, njia ya salama ilikuwa kutoa vyote, uvimbe na kizazi. Akanipa muda nifikirie. Nikatia sahihi mwenyewe, jina langu lote, Kantengwa wa Mukantabana. Nilipozinduka nikadai kuuona. Wakaniletea kwenye beseni. Kilo nne na nusu! Nikamwambia nesi binti wa kaka yangu ni karani mkuu wa mizani Kyerwa, kwa hiyo asinisomee kilo ya kukisia. Akapima tena mbele yangu. Nne na nusu. Hakuna aliyewahi kubeba mzigo huo Ihembe na bado akapalilia.

Sasa yaliyonikuta nyumbani. Habari zilinitangulia kwamba Kantengwa kapasuliwa tumbo, na watu wakajipa maana wenyewe. Niliposhuka kwenye gari nikakuta uani wamejaa wanawake, wamekuja kunihemba, kunipongeza kwa vyakula kama sisi tunavyomfanyia mzazi. Uji wa mtama, maziwa kwenye vibuyu, kuni, Xaveria na kuku kikapuni. Wanaimba wimbo wa kumpokea mzazi. Wanaitazama mikono yangu, wanaitazama ya Sebahire, wanatafuta kichanga.

Ningeweza kusema mtoto amefariki. Neno lilikuwa mdomoni, Evaresta, limeshavaa nguo. Wangenililia, na wangeniita Mama mpaka kaburini.

Nikashika mshono wangu nikasimama wima. Nikasema, "Sikuzaa. Ulikuwa uvimbe, wa kilo nne na nusu, na kizazi kimetoka nao. Uvimbe huo ndio uliomuua mama yangu, na sisi tukamwimbia badala ya kumpeleka hospitali. Mimba ya mgongoni haipo. Nimetazama kwa macho yangu. Aliyeleta zawadi kwa ajili ya mtoto aichukue, sitanuna."

Hakuna aliyesogea. Nikasikia kuku wa Xaveria akikwaruza kikapu. Nikajisemea, haya, ndiyo imekwisha. Halafu Xaveria huyohuyo, mbele ya wote, akauliza, "Wako ulianza na damu nyingi, au tumbo ndilo lilianza kujaa?"

Basi midomo ikafunguka. Mmoja anaweka matambara mawili mawili na bado haendi kanisani siku zake zikija. Mwingine anakula udongo akijificha chooni. Mwingine alipimwa Bukoba zamani, alijua anao, na hakumwambia hata mumewe. Wengine hawana lolote, walikaa tu kusikiliza, macho yamewatoka. Nikakumbuka maneno ya daktari wako kuhusu benchi. Nimeishi na wanawake hawa miaka yote hii, tumepanda pamoja, tumezika pamoja, na kila mmoja alikuwa anafua peke yake gizani. Uji wakaunywa wao, wakaninywesha na mimi.

Alhamisi iliyopita tulikwenda Omurushaka kupimwa. Niliwaambia wavae vitenge vyao vya kung'aa, njano, kijani, vya sikukuu, hatuendi msibani. Tulitoka stendi tukashika katikati ya barabara, pikipiki zikatupisha. Deodatus akatoka dukani akapiga makofi, hajui anashangilia nini, anashangilia tu. Xaveria yumo, anao mdogo wa kuangaliwa, na amenuna njia nzima kwamba ni mdogo kuliko wangu. Mmoja anatakiwa Bukoba haraka, na nimeshamwambia amweleze mumewe, na amweleze vipi.

Lakini nikwambie hili ndipo nifunge bahasha. Tulipofika zahanati tuliziba mlango mzima. Yule nesi wa mapokezi akainua kichwa, akauliza nani katuleta. Wote wakanigeukia. Nikasema, mimi. Akanitazama juu mpaka chini, mshono siku hizi nautembeza kama nishani, akauliza, "Wewe ndiye mama yao?"

Miaka saba nililivalia zambarau neno hilo. Nikaliacha lipite.

"Hapana," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi ni shangazi yao."

Kantengwa wa Mukantabana